Usiitegemee Jeki Peke Yake

Ndugu mkulima, wengi wetu kati ya Kitale na Bungoma hufungua sampu ya Land Rover nyumbani ili kubadilisha gasketi inayovuja. Si vibaya, kwani fundi hudai fedha na mahindi yangoja kuchukuliwa. Lakini wakati wa mvua udongo wetu ni laini, na jeki huzama. Kwa maoni yangu, kama nafasi ya chini yatosha, gari lisimame kwa magurudumu yake manne, mahali pakavu, likazuiwe kwa mawe. Mwaga oili kwanza katika debe, wala si mtaroni, maana mvua huweza kuipeleka mpaka mto Nzoia. Kama nafasi haitoshi, mwite fundi. Gasketi hununuliwa dukani. Mwenye shamba hanunuliwi.