Kochi limemkalisha mama

Mwenzio nimerudi toka Kyela, na safari hii sikuja na mchele tu, nimekuja na aibu.

Si unatujua watoto wa mjini, ukipata vijisenti unataka na kijijini wajue. Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia bi mkubwa makochi, televisheni na king'amuzi, nikamwekea na hausigeli. Nikamwambia, "Mama umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Na kweli akapumzika! Sokoni Ipinda anapelekwa na bodaboda, maji anachotewa, mpunga unalimwa na vibarua.

Basi juzi nafika, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," kaitika huku amekaa. Nikangoja ainuke anikumbatie kama zamani. Wapi! Akashika kochi, akajaribu mara mbili, ya tatu akaniomba mkono. Jamani, mama yuleyule aliyekuwa akitoka shambani na ndoo kichwani na mtoto mgongoni! Kanenepa, na majirani wanamsifu eti mwanawe anamtunza. Roho ikaniuma.

Ukweli ni kwamba misuli huanza kupungua taratibu ukishapita miaka 30, na baada ya 60 kasi inaongezeka, hasa ikikosa kazi. Sahani ya wali na mbasa iko palepale, lakini jembe halipo tena. Matokeo yake uzito unapanda, magoti yanalia, presha na sukari zinapiga hodi. Na mapaja yakilegea, kuanguka ni rahisi.

Sisemi wazee wateseke. Pale Matema utawakuta bibi wa Kikisi wakishusha vyungu toka mtumbwini, na wengine wangefurahi kupumzika. Ila kupumzika na kuganda ni vitu viwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka hata wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba. Mwenye presha au magoti mabovu aanze kwa kumwona daktari.

Tukakubaliana na mama. Asubuhi, kabla jua la Kyela halijawa kali, anatembea hadi kwenye mikakao na kurudi. Jioni anakaa kwenye kiti cha mbao, anainuka na kukaa tena bila kushika kitu. Televisheni abaki nayo, lakini tamthilia ikiisha anasimama.

Jana kanipigia simu anacheka. Kainuka mara nne, ya tano akashika meza. Aliyekuwa akihesabu ni hausigeli.

Wewe uliyemnunulia mzee kochi, hujakosea. Ila mpe na sababu ya kuinuka. Tukutane wiki ijayo!