Zebaki ya Migori, Muhogo wa Msambweni

Hoja iliyochapishwa kwamba muhogo na mpunga wa Msambweni haufai kuliwa, eti kwa kuwa ardhi ya Kwale imechimbwa madini na hivyo lazima ina zebaki, inachanganya migodi isiyofanana. Zebaki, yaani metali ya majimaji inayoshikana na dhahabu, hutumiwa na wachimbaji wadogo wa Migori, ambao huchoma mchanganyiko huo hadi mvuke ukatawanyika hewani. Ilhali mchanga wa titani wa Kwale, uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium hadi Desemba 2024, ulichambuliwa kwa maji, sumaku na umeme.

Hata palipo na zebaki, mimea haiipokei kwa namna moja: sehemu kubwa ya ile inayofyonzwa kutoka udongoni hukwama mizizini (hapo muhogo una kesi ya kujibu), mboga za majani huifyonza zaidi kutoka hewani, na mpunga ndio wa kuogopewa, kwa sababu bakteria wa tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa methilizebaki, sumu ya neva inayofika hadi kwenye punje. Anayewaharibia soko wakulima alete vipimo vya maabara, vya udongo na vya punje, akianzia majaruba ya mpunga.