Utafiti Uliochukuliwa Kijijini Urudi Kijijini



Sisi mafrateri tunaotumwa vigangoni mwisho wa juma tumezoea maswali ya kila namna. Tunaulizwa kuhusu toharani, kuhusu ndoa za mseto, kuhusu mahari, na mara nyingine kuhusu bei ya mbolea. Lakini kuna swali moja tuliloulizwa kwenye kigango kimoja cha mteremko wa Mlima Meru ambalo hatujaweza kulisahau. Baada ya ibada, bibi mmoja wa jumuiya alitukaribisha chai nyumbani kwake. Tulipokwisha kumwamkia na kukaa, akatuuliza: "Mafrateri wangu, ninyi ni watu wa shule. Wale vijana waliokuja na chupa wakachota maji ya bomba letu, wakawaangalia wajukuu zangu meno, wakaandika. Walikuta nini?"

Hatukuwa na jibu. Hatukujua vijana wale walitoka chuo gani, na bibi mwenyewe hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba walikuwa na adabu, walimweleza kwa Kiswahili kizuri walichokuja kufanya, wakamwomba aweke dole gumba kwenye karatasi, wakashukuru, wakaondoka. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Wajukuu wanaendelea kunywa maji yale yale.

Hatuandiki makala hii ili kuwalaumu vijana wale. Huenda walikuwa wanafunzi kama sisi, wenye msimamizi anayewasubiri na muda unaowaishia. Tunaandika kwa sababu swali la bibi ni la haki. Utafiti unaofanywa kwa maji ya watu, udongo wao, damu yao na muda wao ni deni. Deni hilo halilipwi kwa kuchapisha makala peke yake. Linalipwa pale jibu linapomfikia yule aliyeulizwa.

Tunalisema hili tukiwa watu wa eneo lenye bahati. Hapa Tengeru, chini ya mlima ule ule, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, na inafundisha shahada za uzamili na uzamivu tu, maana yake kila anayesoma pale ni lazima atafiti. Ukitazama hazina yake ya tasnifu na makala kwenye intaneti, utakuta mambo ya maisha yetu yenyewe: floraidi kwenye maji, sumukuvu kwenye mahindi na karanga, kantangaze anayemaliza nyanya, na namna ya kutumia picha na kompyuta kutambua ugonjwa wa mmea mapema. Mtu asiseme kwamba wasomi wetu wanatafiti mambo ya mbinguni. Wanatafiti sufuria zetu na mashamba yetu.

Tuchukue floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia madini hayo kwenye maji ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo mengine hayakuwa na chanzo kingine, na baadaye ikashusha kiwango hicho hadi 1.5. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki wowote. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo hudhurika. Miguu hupinda, mgongo hukakamaa.

Wataalamu wanayajua haya kwa undani. Wanajua pia mambo mawili ambayo yangemfaa bibi yule jioni ile ile. La kwanza, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini maji yanapopungua sufuriani floraidi hubaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. La pili, baadhi ya magadi tunayotia kwenye maharage na makande yana floraidi nyingi, kwa hiyo familia inaweza kupata maji mazuri na bado ikaila floraidi kwenye chakula. Bibi yule huchemsha maji ya wajukuu kila siku bila kukosa, na anaamini amewakinga. Upendo wake haukupungukiwa na kitu. Ulichopungukiwa ni sentensi mbili za Kiswahili.

Kwa nini sentensi hizo hazikumfikia? Sababu moja ni kwamba hakuna anayezihesabu. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Mwanafunzi wa uzamivu hudaiwa makala hizo kabla ya kuvaa joho. Vyuo hupangwa madaraja kwa makala na kwa idadi ya wasomi wengine walioziataja. Serikali nayo, kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, imeweka tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha kwenye jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu. Tuzo hiyo hatuipingi. Makala inayopitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa inamlinda hata bibi yule, kwa sababu anayekosea vipimo hugunduliwa na wenzake. Sisi tunaosoma falsafa tunapaswa kuwa watu wa mwisho kudharau maandishi magumu yanayosomwa na watu wachache.

Lakini tazama jambo moja la ajabu. Mtafiti anapokwenda kijijini kuomba sampuli, maadili ya utafiti humdai aandae fomu ya ridhaa kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Anaitafsiri kwa Kiswahili, anaisoma polepole, anahakikisha ameeleweka. Akishapata majibu, anayaandika kwa Kiingereza na kuyapeleka kwenye jarida ambalo hata mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini hataliona. Kiswahili kinatosha wakati wa kuomba. Wakati wa kujibu hakitoshi. Je, jirani akija kwako kuazima jembe kwa lugha yenu, kisha siku ya kurudisha akaanza kuzungumza lugha usiyoijua, utamwelewaje?

Wapo watakaosema kwamba mtafiti si mhubiri wala si bwana afya, na kwamba majibu ya kitaalamu yakimwagwa hadharani yataleta hofu. Hoja hiyo ina uzito. Mtu akiambiwa tu kwamba maji yake ni mabaya, bila kuelezwa afanye nini, ameongezewa mzigo. Hata hivyo ukimya nao una madhara yake. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni njia inayofanya kazi. Sasa fikiria mama anaelezwa kwamba maji yake yatapitishwa kwenye mifupa. Atauliza: mifupa ya mnyama gani? Imechomwaje? Jirani yangu Mwislamu ataweza kunywa? Hayo ni maswali ya akili, na hayajibiwi na jedwali la vipimo. Yanajibiwa na mtu aliyekaa kwenye benchi moja na mama yule. Asiyeelezwa hukataa, na chujio zuri hubaki pembeni likiota buibui.

Kwamba jambo hili linawezekana, mfano tunao karibu. Dk. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo ya Nelson Mandela alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, na aliyajua magonjwa ya maji machafu kabla hajaijua kemia. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno za kitaalamu, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Kinachotugusa zaidi ni kwamba hakuishia kwenye makala. Chujio lilitoka maabara likaenda kwa wananchi, wakiwemo wanaolitumia kuwauzia majirani maji safi. Alikumbuka alikotoka.

Si kila mtafiti atabuni chujio, wala si lazima. Tunaomba jambo dogo zaidi. Kila tasnifu iliyotokana na kijiji fulani iambatane na kurasa mbili za Kiswahili, zikabidhiwe kwa serikali ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano wake, kabla mwanafunzi hajahitimu. Na Wizara inayotoa milioni 50 iulize pia swali moja kwa mshindi: waliokupa takwimu wameshaambiwa? Hilo halitapunguza hadhi ya jarida lolote.

Sisi wa Kanisa nasi tusikae kama watazamaji. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Parokia zetu zina kile ambacho chuo kikuu hakina: watu wanaokusanyika kila Jumapili bila kulipwa posho, jumuiya ndogo ndogo zinazojuana kwa majina, WAWATA, Utoto Mtakatifu, na katekista anayeaminiwa. Tunatangaza michango kwa dakika ishirini. Tushindwe kumpa mtafiti dakika kumi baada ya sala ya mwisho? Aje aseme mwenyewe, kwa maneno yake, na waamini wamuulize. Sisi tusijifanye wataalamu wa maji. Kazi yetu ni kumfungulia mlango.

Na kabla ya kunyoosha kidole Tengeru, tutazame maktaba yetu. Insha zetu za falsafa kuhusu utu, haki na manufaa ya wote zimepangwa kwenye rafu, zimefungwa vizuri, na zina vumbi. Ni nani nje ya uzio huu aliyewahi kusikia tulichogundua? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kuwagawia wengine yale tuliyoyatafakari ni jambo kubwa kuliko kutafakari peke yake. Tunalijibu vizuri sana kwenye mtihani. Taa iliyofunikwa kwa pishi ni taa iliyofunikwa, iwe imewashwa maabara au seminarini.

Tulirudi kwa bibi yule baada ya kumuuliza mtu anayejua. Tukamweleza habari ya kuchemsha na habari ya magadi. Alisikiliza, akatazama sufuria yake, kisha akauliza: "Sasa wanangu, tunywe maji gani?" Tulikuwa tumeambiwa pia kwamba maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, hivyo yakikingwa vizuri na kuhifadhiwa katika usafi yanafaa kwa kinywaji cha watoto. Tukamwambia. Akasema paa lake ni dogo, na tangi hana.

Tukiwa njiani kurudi tuligeuka kukitazama kigango. Kina paa kubwa la bati jipya, lililojengwa kwa michango ya watu wale wale. Hakina mfereji hata mmoja wa kukingia maji ya mvua.