Muuza Dawa Apewe Ilimu na Idhini



Mtoto akishikwa na sikio usiku, mzazi wa shamba haendi kwanza spitali iliyo mbali. Hubisha hodi kwa muuza dawa. Naye humtazama, hukadiria, kisha hutoa vidonge kwa kadiri ya fedha iliyomo mkononi mwa mwenye shida. Sheria haimruhusu, haja yamlazimisha. Twayajua hayo, na wakubwa wayajua, lakini sote tumefumba macho.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa ya kuua vijidudu ikinywewa nusu, vinavyosalia huizowea, na siku ya ugonjwa mkubwa dawa haifai kitu.

Wenzetu wameona kuwa kukataza pekee hakutoshi. Huko Uingereza, tangu tarehe 31 Januari, 2024, mfamasia ameruhusiwa kutibu maradhi saba pasina cheti cha daktari, yakiwemo ya koo, sikio, mkanda wa jeshi na njia ya mkojo kwa wanawake. Hakuachiwa ovyo. Amewekewa masharti, huandika alichotoa, na akiona dalili za hatari humpeleka mgonjwa kwa daktari. Wala tusiseme hayo ni ya matajiri. Bara nako, mkoani Ruvuma, mwaka 2003 yalianzishwa Maduka ya Dawa Muhimu, wauzaji wakasomeshwa, wakakaguliwa, wakaruhusiwa kutoa baadhi ya dawa za cheti.

Watasema: muuza dawa ana tamaa. Sisi tulio wachuuzi hatukatai. Mizani isiyokaguliwa humshawishi hata mtu mwema. Ndiyo maana twataka mafunzo kwanza, kisha daftari, kisha mkaguzi. Tena Uingereza serikali humlipa mfamasia kwa kumtazama mgonjwa, hata asipompa dawa, ili riziki yake isitegemee wingi wa vidonge. Hilo nalo lapasa kuigwa.

Afya si jambo la Muungano. Amri iko hapa hapa Visiwani, basi hapana wa kusingiziwa ng'ambo ya bahari. Twawaomba wawakilishi wetu walipeleke jambo hili Barazani, na kila tawi lilizungumze. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya watoto wetu.

Wabillahi taufiki.