Wenye magari Sumbawanga walipie kipimo, si sensa

MSIMU wa mavuno mkoani Rukwa hausubiri gari lililolala gereji. Siku tatu za kungoja fundi ni magunia yaliyobaki shambani, mnunuzi aliyekwenda kwa mwingine na nafasi iliyopotea kwenye foleni ya kuuza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA).

Inasikitisha basi kuona mkulima au mfanyabiashara akinunulishwa sensa mbili au tatu kwa mfululizo, kisha hatimaye ikagundulika kuwa tatizo lilikuwa waya mmoja ulioshika kutu ndani ya soketi.

Zamani barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya Land Rover na malori yenye pampu za dizeli ambazo hazikuhitaji kompyuta yoyote. Lami yake ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC), mkataba wake ukiwa umetiwa saini mwaka 2008. Leo mazao ya Laela, Matai na Namanyere hupakiwa pia kwenye Noah, Probox na pikapu zilizokwishatumika Japani.

Injini za magari hayo zinaongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wanaiita kontrol boksi. Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa kuijulisha joto la maji ya rejeta, hewa inayoingia na mwendo wa krenki, na habari hizo zote hupita kwenye waya.

Taa ya injini inapowaka, fundi huchomeka mashine ya kusomea makosa na kupata namba. Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia, kwa sababu namba hiyo huchukuliwa kama jina la kifaa cha kununua.

Sivyo ilivyo. Namba P0118, kwa mfano, inahusu sensa ya joto la maji, lakini inachosema ni kwamba umeme unaorudi kutoka upande huo uko juu kupita kiasi. Sensa iliyokufa huweza kuleta hali hiyo. Waya uliokatika nao huileta, na soketi iliyochomoka huileta vilevile.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha, na haihitaji kununua chochote. Katika Toyota nyingi sensa hiyo ina waya mbili. Fundi akichomoa soketi yake, mashine inatakiwa kuonyesha baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Akiziunganisha waya hizo mbili kwa kipande kidogo cha waya, namba inatakiwa kuruka hadi joto kali, nyuzi 140 hivi. Ikiruka, waya na kompyuta ni vizima, na hapo sensa ndiyo ya kushukiwa. Isiporuka, sensa mpya haitasaidia lolote. (Jambo hili ni la sensa hiyo ya waya mbili tu, atakayelifanya kwenye sensa ya waya tatu anaweza kuunguza kompyuta.)

Kuna ubaya mwingine usiowasha taa kabisa. Kutu kidogo ndani ya soketi hiyo huifanya kompyuta iamini kuwa injini bado ni ya baridi, hivyo inazidisha petroli. Gari linatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka.

Aidha, uwanda wa Ufipa una mambo yake. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Sensa ya mgandamizo wa hewa, swichi ikiwa imefunguliwa lakini injini haijawashwa, husoma karibu kilopaskali 81 badala ya 101. Fundi aliyekariri namba za Dar es Salaam ataitupa sensa isiyo na kosa. Gari hilohilo likiteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye karibu mita 800, litasoma 92 hivi, na namba zote hizo ni sahihi.

Ongeza vumbi la kiangazi, mitikisiko ya barabara za kuteremka Muze, na panya wanaohamia chini ya boneti pale gari linapolazwa kando ya ghala la mahindi. Vyote hivyo hushambulia waya kabla ya sensa. Kosa linalokuja gari likirukaruka na kutoweka likisimama hutafutwa kwa kutikisa waya na soketi moja moja injini ikiwa inaunguruma.

Mafundi hulaumiwa peke yao kwa kubahatisha, lakini wenye magari nao wana sehemu yao. Wengi wako tayari kulipia sensa kwa sababu wanaiona mkononi, lakini fundi akipima waya nusu siku na kusafisha soketi moja, wanasema hakufanya kazi. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi gani ataacha kubadilisha vipuri? Muda wa kupima uwe na bei yake, ikubaliwe kabla ya boneti kufunguliwa.

Nao mafundi hawana sababu ya kusingizia umaskini. Mita ya kupimia umeme ni kifaa cha bei ndogo, na kazi yake ya kwanza ni nyepesi: injini ikiunguruma, tofauti kati ya ncha hasi ya betri na bloku ya injini isizidi volti 0.2. Ikizidi, waya wa ethi umelegea au umeoza, na sensa kadhaa zinaweza kudanganya kwa pamoja. Wachomeleaji wa keria nao waache kuunganisha gari bila kwanza kuchomoa betri.

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kwa Rukwa, mtihani wa fundi magari ungepaswa kuwa na gari lenye waya uliokatwa kwa makusudi, na fundi aupate kwa mita bila kufungua pakiti ya kipuri chochote. Mafunzo hayo yafanyike wakati wa masika, magari yanapokuwa na kazi chache, ili ifikapo Julai tayari kuwe na wa kuwakabidhi funguo.