Mwenye Nyumba wa Visiwani

Kusini ya Kismayu, kwenye mwambao wa Somalia, ipo safu ya visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo, hadi kukaribia mpaka wa Kenya. Katika kisiwa cha Ngumi mji wa kale umebaki magofu. Mvuvi apitaye hapo na mashua yake huona kuta za mawe zisizo na paa, na makaburi yaliyojengwa kwa chokaa. Si rahisi kukumbuka kwamba kila ukuta ule ulikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo aliwahi kuwa nguzo ya maisha ya pwani.

Mwenye nyumba wa visiwani anastahili kukumbukwa. Jina lake si moja, kwa maana walikuwa wengi, kizazi baada ya kizazi. Lakini sifa zao zilifanana: walisafiri sana, walijenga, na walipokea watu. Kiswahili humwita mwenye mji «mwenyeji», na humwita vivyo hivyo yule ampokeaye mgeni. Neno ni moja kwa sababu kazi ilikuwa moja.

Desturi hiyo ni ya zamani sana katika mwambao huo. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wa mji wakiiendea jahazi kwa mashua, kila mmoja amechukua sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sinia lile na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alishukia nyumba ya mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara ile haikukubaliwa. Kwa hiyo ukarimu haukuwa chakula peke yake, ulikuwa dhamana. Mwenye nyumba alimlinda mgeni asidhulumiwe katika mji asioujua.

Mwenye nyumba wa Kibajuni aliijua thamani ya dhamana hiyo kwa sababu naye alikuwa mgeni mahali pengine. Upepo wa kaskazi ulipovuma, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, alitweka tanga akaelekea Lamu, Mombasa na Unguja, chomboni mna boriti za mikoko, papa mkavu na magamba ya kasa. Hakuweza kurudi siku aipendayo. Sharti angoje kusi, ambayo huanza kiasi cha mwezi wa Aprili. Wiki au miezi yote hiyo alilala katika nyumba ya mwingine na kula chakula cha mwingine. Aliporudi kwao akamwona nahodha mgeni ufukweni hana pa kulala, hakuhitaji kufundishwa la kufanya.

Nyumba za mawe za pwani ya kaskazini zilijengwa kwa kazi hiyo. Mlangoni palikuwa na daka lenye baraza ya kukalia. Penye uwezo paliongezwa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya ndani, ili mgeni apumzike bila ya kuwaondolea wenye nyumba faragha yao. Na hapa ni haki kutaja jambo ambalo wasimuliaji wengi hulisahau. Sifa za ukarimu zilimwendea mzee aliyekaa barazani, lakini moshi ulimwendea mama aliyekuwa jikoni. Chombo kikiingia jioni na watu wanane, yeye ndiye aliyepima unga upya.

Mgeni naye alikuwa na adabu zake. Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko visiwani jembe lilikuwa wavu wa kushona, mashua ya kukalafati, au maji ya kuteka. Hivyo ndivyo mgeni wa muda mrefu alivyogeuka jirani.

Kisha dunia ilibadilika. Mwaka 1925 Uingereza ilikabidhi nchi ya Juba kwa Italia, na ndugu wa visiwani wakajikuta pande mbili za mpaka wa wakoloni. Mwaka 1960 Somalia ikawa huru. Mwaka 1991 serikali ya nchi hiyo ilipoanguka, Wabajuni, ambao hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwatetea, waliporwa na kupigwa. Wengi walikimbia kwa vyombo vyao hadi Lamu na Mombasa. Yule aliyekuwa na nyumba akaingia kambini, akapanga foleni ya chakula, sahani mkononi. Waliokuwa na jamaa mjini walipata hifadhi, kwani Wabajuni ni mojawapo ya mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Mwenyeji amekuwa mgeni. Ndipo desturi ya kale ilipopimwa.

Huku nyuma nyumba hazikubaki tupu. Katika Kismayu mali nyingi za waliokimbia zilikaliwa na wengine, na mara nyingi wenye silaha ndio waliotangulia kuingia. Jambo hili linamhusu kila askari na kila polisi, popote atakapopelekwa kulinda amani. Nyumba isiyo na mtu si nyumba isiyo na mwenyewe. Mwaka 2005 kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo Kanuni za Pinheiro zilieleza kwamba mkimbizi ana haki ya kurudishiwa nyumba na ardhi aliyonyang'anywa. Lakini kanuni hukaa kwenye karatasi. Mlango hukaa mikononi mwa yule mwenye bunduki.

Basi askari anayepewa nyumba mahali pa vita na aulize kwanza ni ya nani. Mlango wa mwenyewe usifanywe kuni, wala bati la paa lisiuzwe. Aandike vitu alivyovikuta, na siku ya uhamisho akabidhi ufunguo mbele ya shahidi. Hata wakati wa amani, familia inayohamahama kwa kazi hukumbukwa mtaani kwa namna ilivyoiacha nyumba ya watu. Nao waliokimbia makwao wazihifadhi hati zao, na asiye na hati awafundishe watoto mipaka ya kiwanja na majina ya majirani wa pande zote nne, maana ushahidi wa jirani ndio hati ya asiye na karatasi.

Mwenye nyumba wa visiwani alimfungulia mtu asiyemjua, akamlinda na mali yake mpaka upepo ugeuke. Deni lake halijalipwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku mwenyeji huyo atakaporudi Kismayu au visiwani, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, anastahili kuukuta mlango huo mahali pake, na aliyemo ndani ainuke kumpisha.