Taarifa ya Mvua Ibandikwe Ukutani mwa Zahanati

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za Vuli, na ifikapo Januari au Februari hutoa ule wa Masika. Redio huusoma, mkulima wa Magu au Misungwi huusikiliza huku akipima siku ya kupanda, kisha taarifa husahauliwa hadi mto ufurike. Katika vituo vingi vya afya vya kando ya Ziwa Victoria haisomwi, ingawa ndani yake sekta ya afya hutajwa kwa jina na kupewa tahadhari zake. Kuiacha kwa wakulima peke yao ni kosa, na anayelilipia kosa hilo ni mtoto anayefikishwa wodini mwezi Januari akiwa na malaria kali, damu imepungua.

Sababu ni kwamba maradhi ya mvua hayaji siku moja na mvua. Kipindupindu ndicho chenye haraka: mtu aliyekunywa maji yenye vimelea huweza kuanza kuharisha ndani ya saa chache, na kwa kawaida haizidi siku 5. Malaria huenda polepole. Yai la mbu kwenye dimbwi huhitaji wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Mbu akishamuuma mwenye vimelea, vimelea hivyo hukomaa mwilini mwake kwa siku 10 au zaidi. Na binadamu aliyeumwa naye hukaa wiki moja au mbili kabla ya homa kupanda. Ukijumlisha, wimbi la wagonjwa hufika wiki nne hadi nane baada ya mvua kubwa. Ina maana kwamba mganga mfawidhi aliyesoma taarifa mwezi Agosti ana miezi kadhaa ya kujiandaa, na yule anayesubiri foleni irefuke ndipo aagize dawa Bohari ya Dawa hana hata wiki.

Katika nchi za baridi matabibu hufuatilia pia theluji inayoyeyuka milimani. Mwanza haina mzigo huo. Hata theluji ya Rwenzori huteremkia Mto Semliki, si Ziwa Victoria. Huku jambo ni mvua tu. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoliingia ziwa huanguka moja kwa moja juu yake kutoka mawinguni, na yaliyosalia huletwa na mito kama Kagera, Mara na Simiyu. Kwa kuwa mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, ziwa likijaa huchukua muda mrefu kupungua. Baada ya mvua nyingi za mwishoni mwa 2019, kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 mwezi Mei 2020 na kuipita alama ya mita 13.41 ya Mei 1964. Rekodi hiyo nayo ilivunjwa Mei 2024. Kwenye mialo, kupanda huko kuna maana moja ya kitabibu: choo kilichochimbwa hatua chache kutoka ufukweni kinakuwa ndani ya ziwa, na ndoo ya maji ya kunywa inatekwa papo hapo.

Jiji lenyewe lina tatizo la namna yake. Mwanza imejengwa juu ya mawe. Anayeishi mlimani hawezi kuchimba shimo la kina, kwa hiyo choo chake huwa kifupi na hujaa upesi. Mvua ikinyesha, kilichomo huteremka pamoja na maji hadi Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya makazi na soko kabla ya kumwagika ziwani. Mfumo rahisi wa majitaka uliojengwa na MWAUWASA katika baadhi ya milima, Igogo na Mabatini ikiwamo, ni kinga ya kipindupindu yenye thamani kuliko dripu nyingi, na inashangaza kuwa wahudumu wa afya huuzungumzia kwa nadra.

Mwaka 2023 ulitoa somo ambalo halikuhitaji mwalimu. Mwezi Agosti Mamlaka ilitangaza kuwa Vuli itakuwa ya juu ya wastani katika maeneo mengi kwa sababu ya El Niño. Mvua zikaja. Ilipofika Januari 2024, Mwanza, Simiyu na Shinyanga zilikuwa miongoni mwa mikoa yenye kipindupindu. Si haki kudai kuwa kila mgonjwa aliletwa na mvua, maana kipindupindu hutokea pia wakati wa ukame, watu wengi wanapokimbilia kisima kimoja. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusema kuwa msimu ule ulikuja bila taarifa.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba utabiri hukosea. Hukosea, kwa sababu ni uwezekano na haukutolewa kama ahadi. Daktari anayemwambia mgonjwa uwezekano wa kupona anapaswa kuielewa lugha hiyo kuliko mtu yeyote. Muhimu ni kupima gharama ya kila kosa. Pakiti za ORS, vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto havioza kwa msimu mmoja. Mvua isiponyesha, vitatumika baadaye. Klorini ya unga ndiyo ya kuangaliwa, kwani hupoteza nguvu ikipata unyevu, hivyo ihifadhiwe pakavu na iliyokaa zaidi itumike kwanza. Mvua ikinyesha na kabati likiwa tupu, hakuna cha kurudisha.

Damu ni mfano unaosahaulika zaidi. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule hufungwa Desemba, wakati uleule ambapo malaria ya Vuli huwaishia watoto damu. Kampeni ya kuchangia ifanyike Oktoba na Novemba, na mwaka ambao taarifa inaonesha mvua nyingi, iongezwe maradufu.

Mgonjwa naye ana la kufanya. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye seli mundu, na kwao baridi, kulowa, upungufu wa maji mwilini na malaria huamsha maumivu makali. Mzazi ahakikishe chandarua ni kizima na dawa ya kinga haijaisha kabla ya mawingu. Anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu aombe apewe za muda mrefu zaidi kabla barabara haijakatika, hasa akiwa Ukerewe, ambako dhoruba ikizuia vivuko hakuna njia ya pili. Vidonge vikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, juu, mbali na sakafu. Mwenye kuharisha maji maji akose ORS, achanganye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni, si badala ya kupelekwa.

Kubandika karatasi hiyo ukutani hakuhitaji bajeti. Kunahitaji ofisi ya mganga mkuu wa wilaya iisambaze wiki inapotoka, na kikao cha kwanza cha kituo baada ya hapo kianze na swali moja: oda ya dawa ya robo ijayo imeandikwa kwa kuangalia mvua iliyopita, au inayokuja?